Kitabu, sauti au mtandao: historia ya kaunti ianzie wapi?

Aliyezaliwa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwaka 1965 alizaliwa wilaya ya West Nile. Alipokuwa mtu mzima anajaza fomu, aliandika Arua. Leo kitambulisho chake kinasema Koboko, wilaya iliyokatwa kutoka Arua mwaka 2005, na mahali kitovu chake kilipozikwa hapajasogea. Majirani zetu wa Aringa walitutangulia: kaunti yao, yaani sehemu ya wilaya, ikawa wilaya ya Yumbe mwaka 2000. Ubao wa ofisi ukibadilishwa, madaftari ya zamani nayo huanza safari. Mengine hubaki makao makuu ya awali, mengine hubebwa kwenye magunia, mengine huishia sokoni kufungia karanga.

Ndiyo maana karibu kila kikao cha ukoo siku hizi, kikifika kwenye mengineyo, huzuka neno lilelile: tuandike historia yetu. Michango huanza, na mabishano pia. Wazee wanataka kitabu. Vijana wanataka mtandao, na wanautaka leo. Mama mmoja atasema redio, kwa kuwa ndiyo inayomsemesha akichambua maharagwe. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo mara kadhaa, na nimeona fedha za watu zikiyeyuka kwa sababu kitu kilichaguliwa kwa heshima yake, hakuna aliyeuliza kitafanya kazi gani. Nitazitazama hapa njia zote tatu, na kuongeza ya nne ambayo vikaoni haitajwi: kupeleka nyaraka kwenye hifadhi.

Kitabu

Hamu ya kitabu naielewa. Kitabu hakihitaji betri, mtoto anakipeleka shuleni, na mgeni akifika nyumbani kinatolewa kabatini kwa mikono miwili. Tena Uganda tumeona kazi ya historia iliyochapwa. Apolo Kagwa alichapisha historia ya wafalme wa Buganda mwaka 1901. John Nyakatura akatoa ya wafalme wa Bunyoro-Kitara mwaka 1947. Wanaopinga walichosema wana cha kupinga, na hiyo peke yake ni mali. Asiyedhani kwamba kaunti ni jambo la kupiganiwa akumbuke Buyaga na Bugangaizi: Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Uingereza na Buganda ulizihesabu ndani ya Buganda, Bunyoro haikukubali, na mwezi wa Novemba 1964 wananchi wake walipiga kura zikarudi Bunyoro. Mabishano ya miaka sitini na zaidi, na hoja kubwa ilikuwa ni historia: nani alikaa hapo, na makaburi ya nani yako hapo.

Huku kwetu sehemu kubwa ya yaliyochapwa iliandikwa na wageni waliopita. Mwingereza John Middleton, mwanaanthropolojia, aliishi na Walugbara kati ya mwaka 1949 na 1952 na kazi yake inasomwa vyuoni hadi leo. Namshukuru. Lakini mjukuu wa mtu aliyemsimulia Middleton anahitaji kwenda chuo kikuu ili asome maneno ya babu yake, tena kwa Kiingereza.

Sasa gharama. Wengi wetu tunaishia Kampala, Nasser Road, penye mitambo ya kuchapa mlango kwa mlango. Pale utaulizwa nakala ngapi, na jibu lako ndilo litakaloamua mtambo. Ukichapa kwa bati, gharama kubwa ni ya kutayarisha mabati yenyewe, kwa hiyo bei ya nakala moja hushuka kadiri idadi inavyopanda. Ukichapa kidijitali, nakala ya kwanza na ya mia zina bei moja. Kamati nyingi huvutwa na bei ya nakala elfu moja, zikachapa elfu moja, zikauza nyingi siku ya uzinduzi, na yaliyobaki yakakaa kwenye maboksi nyumbani kwa mwenyekiti yakisubiri mchwa. Chapeni mia kwanza. Ombeni kurasa zishonwe kwa uzi kabla ya gundi, maana gundi peke yake kwenye joto la West Nile hupasuka na kurasa huanza kudondoka. Namba ya ISBN, inayotambulisha kitabu, hutolewa na Maktaba ya Taifa ya Uganda, na mnapaswa kupeleka nakala huko na kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere. Wengi huruka hatua hii wakidhani ni urasimu. Lakini nakala ile ya Makerere ndiyo itakayobaki zenu zote zikiliwa.

Udhaifu wa kitabu hauko kwenye bei. Kitabu hufunga mjadala mapema. Chukua mlima Liru, unaouona ukiwa Koboko. Kwa Walugbara, Liru ndipo alipofia Jaki, mmoja wa mashujaa wawili waliozaa koo zao. Mwenzake, Dribidu, anahusishwa na mlima Eti. Sisi Wakakwa tunaoishi chini ya Liru tuna ya kwetu ya kusema kuhusu mlima huo, na koo zetu wenyewe hazisemi kitu kimoja. Kitabu cha kurasa mia kitalazimika kuchagua nani alifika kwanza. Ukoo ulioachwa hautasahau. Nimeona muswada ukilala miaka minne kwa sababu ya aya moja ya aina hiyo, na ndani ya miaka hiyo minne tukazika watatu kati ya wazee waliosimulia.

Sauti

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo saa inapotukimbia.

Oktoba 1980 waliokuwa askari wa Idi Amin, rais aliyepinduliwa mwaka uliotangulia, walivuka mpaka kurudi, jeshi jipya likalipiza kisasi kwa raia, na Koboko, Aringa na sehemu kubwa ya Arua zikabaki tupu. Watu walikimbilia Sudan na Zaire, na wengi walikaa huko miaka mitano, sita na zaidi. Waliondoka na watoto mgongoni na sufuria kichwani. Karatasi hazikuwamo kwenye mizigo ile. Vyeti, picha za harusi, madaftari ya machifu na rejesta za shule vilibaki ndani ya nyumba zilizochomwa. Kwa hiyo kaunti yetu haina kumbukumbu nyingi za maandishi za wakati kabla ya hapo. Ilichonacho ni watu. Na aliyekuwa na miaka 20 siku ile ya kuvuka mpaka sasa amepita 65. Waliopigana Burma katika King's African Rifles, jeshi la Mwingereza, tumekwisha kuwazika karibu wote. Waliokwenda kukata miwa Lugazi na Kakira wakati wa Mwingereza, wakarudi na baiskeli na Kiswahili, wamebaki wa kuhesabika, na nyimbo zao za safari hakuna aliyeziandika.

Kumrekodi mzee mmoja kunagharimu nauli, sukari na majani ya chai, na simu mliyo nayo tayari. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayoweza kuanza Jumamosi hii bila mchango wa mtu. Ila ifanywe kwa uangalifu. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isiite katikati ya maneno. Kaa ndani ya nyumba ya nyasi kama ipo; chini ya mabati, mvua ikianza umepoteza kazi. Tumia programu inayohifadhi kwa WAV, siyo MP3 inayobana sauti: saa moja ya sauti ya mkondo mmoja huchukua takriban megabaiti 320, na kadi ndogo ya kumbukumbu inabeba mazungumzo mengi. Kabla ya swali la kwanza, sema mwenyewe tarehe, kijiji, gombolola (sehemu ya kaunti), jina la mzee na la baba yake, kisha muulize kwa sauti kama anakubali, na kama anakubali wasikie watu wa nje ya ukoo. Jibu lake liwemo ndani ya rekodi.

Mimi nililipa karo ya somo hili. Niliwahi kurekodi wazee saba kwa simu moja, nikawa nawatumia ndugu vipande kwa WhatsApp, nikijiambia nakala ziko. Simu ikaibiwa sokoni. Kilichobaki ni vile vipande, vimebanwa na kukatwakatwa, na sauti ya mzee mmoja imekwaruza kiasi kwamba majina ya mababu zake hatuwezi kuyatofautisha. Alikwisha kufariki. Tangu siku hiyo sauti haitoki nyumbani kwa mzee kabla haijanakiliwa kwenye kifaa cha pili.

Na sauti hudumu, ikitunzwa. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mkuu wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchi akirekodi ngoma na nyimbo, na kazi yake kubwa aliifanya kuanzia mwaka 1949. Rekodi zile ziliwekwa London, kwenye Maktaba ya Uingereza, na miongo baadaye nakala zikarudi Makerere. Watu wamesikia sauti za babu zao ambao hawana hata picha zao. Kilichoziokoa ni kukaa mahali penye mtu anayelipwa kuzitunza, na kuwa na maelezo ya nani anaimba, wapi, lini.

Udhaifu wake? Sauti haisomeki haraka. Kuandika saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne hadi sita, na zaidi kama mzee anachanganya Kikakwa, Kiswahili na Kinubi ndani ya sentensi moja, kama wetu wanavyofanya. Bila maandishi hayo, rekodi hamsini ni rundo tu. Kwa hiyo pangeni watu wa kuandika tangu mwanzo, na kama mna fedha kidogo, walipeni hao kabla ya mchapaji.

Redio ni njia ya kuitoa sauti, wala si mahali pa kuihifadhi. Nguvu yake ni kwamba inamfikia asiyesoma, na anapiga simu palepale kusahihisha: "Huyo chifu hakuwa wa ukoo huo, mama yake ndiye aliyetoka huko." Masahihisho kama hayo kitabu huyapata baada ya kuchapwa. Lakini kituo kikishatangaza, kipindi kimekwenda na upepo. Kabla ya kulipia muda wa hewani, kubalianeni kwa maandishi kwamba mtapewa nakala ya kila kipindi pamoja na simu zilizopigwa.

Kuna jambo moja zito. Ukiuliza kuhusu 1980 na 1981 utaambiwa mambo yenye damu. Tarehe 24 Juni 1981, misheni ya Ombaci karibu na Arua, watu waliokimbilia usalama pale waliuawa, na wapo walionusurika wanaoweza kusimulia. Ziko pia habari za jirani na jirani, na watoto wa pande zote wanasoma shule moja. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mtu, lakini hata isingekuwepo, mzee anayekuambia jina la muuaji hakukuambia ili ulitangaze. Sauti inakupa nafasi hapa: sehemu moja inaweza kufungwa kwa miaka thelathini na nyingine zikasikika kesho. Muulize mwenyewe anataka ifunguliwe lini, uandike.

Mtandao

Vijana wana haki kwenye jambo moja kubwa: kaunti yetu haikai kaunti tu. Watu wa Koboko wako Kampala, Bombo, Juba, Nairobi, na mbali zaidi. Kitabu kilichoko Koboko hawakioni.

Ila "mtandao" ni neno moja lenye vitu vingi ndani yake. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021; anayeifungua hutumia programu ya kupita kizuizi, na bibi yake kijijini hana. Kuweka historia ya kaunti pale peke yake ni kuiweka mbele ya ndugu wa ng'ambo na kuwanyima wenyeji. Wakati wa uchaguzi mwezi huohuo intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa. Vifurushi vya data hutozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo video ya saa nzima ni starehe ya wachache; sauti fupi na maandishi ndiyo yatakayofunguliwa. WhatsApp inasambaza kuliko kitu chochote, lakini jaribu kutafuta leo ujumbe wa miaka mitatu iliyopita.

Tovuti ya ukoo yenye jina lake hupendeza, na hulipiwa kila mwaka. Aliyeilipia akiugua au akikasirika, imekufa. Ningependelea Internet Archive, isiyotoza kitu na inayopokea sauti, picha na vitabu, kisha kiungo chake ndicho kizungushwe kwenye WhatsApp. Wikipedia ya Kiswahili inafaa kwa mambo yaliyokwisha kuchapwa mahali: mwaka wilaya ilipoundwa, gombolola zake, mlima Liru. Simulizi za wazee zikiwekwa pale moja kwa moja zitafutwa, kwa sababu kanuni yake inadai chanzo kilichochapishwa. Wengi wamekasirishwa na hilo bila sababu. Chapeni kijitabu kwanza, kisha mkitaje.

Hifadhi ya nyaraka

Kila nyumba ina bati la biskuti au begi la ngozi lenye karatasi za marehemu: tiketi za kodi ya kichwa, kadi ya chama cha ushirika wa pamba au tumbaku, barua kutoka Lugazi, kadi ya kliniki. Kodi ile ilisimamishwa mwaka 2005, na tangu hapo tiketi zake zinatupwa kwa kuwa hakuna askari wa kuzidai. Lakini tiketi moja ina mwaka, jina, kijiji na chifu aliyekusanya. Tiketi ishirini za mtu mmoja zinakuambia alihama lini na wapi, kwa uhakika kuliko kumbukumbu ya mtoto wake.

Serikali ina Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu na Nyaraka pale Wandegeya, Kampala, chini ya sheria ya mwaka 2001. Nyaraka za wilaya ya Kabarole zilipangwa na kupigwa picha kidijitali pale Fort Portal, kwenye Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, na leo mtafiti anazifungua bila kushika karatasi inayokatika. Mwaka 2015, shirika la utangazaji la taifa, UBC, liligundua kwenye kabati negativu zipatazo 70,000 za wapiga picha wa serikali, zikiwemo za wakati wa Amin. Mwaka 2019 baadhi yake zilionyeshwa kwenye Jumba la Makumbusho. Kabati lililofungwa lilizitunza kuliko ambavyo sera yoyote ingezitunza.

Sisi tuna ugumu wa pekee. Eneo letu lilikuwa ndani ya Lado, eneo la magharibi mwa Nile lililoshikwa na Leopold II wa Ubelgiji mpaka kifo chake mwaka 1909. Mwaka uliofuata likawa la Sudan, na mwaka 1914 likaletwa Uganda. Anayetafuta karatasi za kabla ya hapo hawezi kuishia Wandegeya. Lazima atazame Ubelgiji na Sudan. Kamati ya ukoo haina nauli hiyo, basi isijibebeshe.

Inachoweza ni kupiga picha karatasi za majumbani. Maandishi kwa nukta 300 kwa inchi, picha kwa 600. Msiondoke na karatasi ya mtu. Zimeshaondoka nyingi mikononi mwa "watafiti" na hazijarudi, na ndiyo sababu wajane wengine wanakana kuwa nazo. Piga picha mezani kwake, mrudishie akiangalia, muachie nakala iliyochapwa. Kisha diski moja ibaki Koboko, nyingine iende Kampala au Arua. Baada ya 1980 sielewi mtu wa West Nile anawezaje kuridhika na nakala iliyoko ndani ya kaunti peke yake.

Njia hii haina sherehe. Hakuna uzinduzi, hakuna mgeni rasmi, na ndiyo maana haichangiwi.

Na lugha?

Wazee warekodiwe kwa lugha wanayoota nayo, basi. Mabishano huja kwenye kuchapisha. Kikakwa kinasemwa Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na watu wa nchi hizo tatu hawakuzoea kukiandika namna moja. Chapisho la Kikakwa peke yake litasomwa kwa taabu hata na wenyewe. Kiingereza kinamfungia nje mama wa sokoni na ndugu wa upande wa Kongo aliyesoma Kifaransa. Kiswahili ndicho tunachouziana nacho mihogo na mafuta pale mpakani, na kwenye Katiba ya Uganda ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. Ningechapa Kiswahili upande mmoja na Kikakwa upande wa pili, aya ikitazama aya. Majina ya koo, ya mvua na ya miti yabaki Kikakwa pande zote mbili.

Ningechagua hivi

Kama kamati yenu ina watu na haina fedha, rekodini, na mwaka wote wa kwanza msifanye jingine. Kama mna fedha kidogo, zilipe uandishi wa rekodi na diski mbili. Mkipata za kuchapa, toeni kijitabu cha kurasa 48 kuhusu jambo moja lisilo na ugomvi, kwa mfano safari za Lugazi au shule ya kwanza ya gombolola; kikivumiliwa, cha pili kitajilipia. Kitabu kikubwa cha koo zote kisubiri mpaka kila ukoo uwe na sauti zake kwenye hifadhi. Mwenye wazee waliobaki wawili tu asinisikilize kwa lolote zaidi ya hili: acha kikao, nenda kwao.

Kama kaunti yenu haikupitia moto kama yetu, na madaftari ya chifu bado yako kwenye rafu ya gombolola, mpango wangu mgeuzeni. Anzeni na yale madaftari, kabla ya mabati hayajavuja, maana mnayo mali ambayo sisi tungetoa ng'ombe kuipata.

Ukoo wetu umebakiwa na majina kumi na mawili kwenye orodha ya wa kurekodi. Wa kwanza ni hajati mmoja aliyevuka kwenda Sudan akiwa na mimba ya miezi minane, akajifungulia njiani. Mtoto yule ndiye atakayeshika simu.